Tundu la Paa

Mwezi wa kwanza nilisingizia makaa.
Nani asiyekohoa Ulaanbaatar majira haya,
mahema yamebanana mlimani kama kondoo waliokosa zizi,
kila bomba linatapika,
theluji yenyewe inafika chini imeshachafuka?
Mimi ni mpakia makaa. Nikitema cheusi
nasema: ndio ujira huo.

Mwezi wa pili nikatema chekundu.
Nikakifukia kwa kisigino, upesi,
kama mtu anayezima kipisi cha sigara.

Kisha ukaja Mwezi Mweupe, sikukuu ya mwaka wetu.
Tulikuwa kumi na saba ndani ya hema moja,
mlango umefungwa, sufu imeongezwa tabaka,
tundu la paa limezibwa kwa turubai,
maana nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri
na baridi ya kwetu haibishi hodi.
Dada akanisihi niimbe ule wimbo wa farasi wa baba.
Nikaimba kwa mapafu yote mawili.
Nominchimeg, bintiye, miaka sita,
alikuwa magotini pangu, uso juu, kinywa wazi,
akinywa kila neno.

Sikujua kwamba wimbo hubeba abiria.

Dulamsuren, muuguzi, alinieleza alichokiona kwenye hadubini:
vijiti vyekundu, vyembamba, juu ya uwanja wa buluu.
Nikamuuliza kama vinapendeza.
Akafikiri. Akasema, vinapendeza sana,
na hilo ndilo linaloniudhi.

Miezi sita, basi. Kila asubuhi mbele ya macho yake.
Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi.
Magoti yakauma kama ya mzee,
chakula kikanitazama nami nikakitazama,
na mkojo ukatoka rangi ya chungwa;
nilicheka peke yangu chooni,
mara ya kwanza tangu ile damu.

Jirani Gombojav huzungusha chupa yake ya ugoro,
mkono kwa mkono, salamu ya wanaume.
Ilipofika zamu yangu aliipitisha juu ya kichwa changu
kana kwamba pale palikuwa na kigoda kitupu.
Kikombe changu wakakifunga uzi mwekundu.
Kikombe hakina kosa, Gombojav.
Ugoro hauna kosa.
Kosa limo katika kile tunachogawana bure,
nacho mliendelea kugawana, mlango umefungwa,
wewe mwenyewe ukikoholea kiganjani.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Wangeuliza na pumzi.

Wakatupima wote kumi na saba.
Mtoto alikuwa na tezi shingoni, ndogo, kama kokwa la cheri.
Dawa zake huyeyuka majini, zina ladha ya matunda.
Anazipenda. Anaomba nyingine.
Hapo ndipo nilipolia.

Dulamsuren akaingia, akatazama juu,
akasema: lile turubai liondoeni, hewa ipite.
Dada akasema: makaa ni pesa.
Muuguzi hakubishana. Alivaa glavu zake, taratibu,
akasimama pale akingoja
mpaka dada alipoivuta kamba mwenyewe.
Ubao wa anga ukaonekana, mdogo, mkali.
Usiku ule tulilala na kofia vichwani.

Mwezi wa Mei makohozi yalikuwa safi.
Bado miezi minne, akasema muuguzi, usinitoroke;
wanaotoroka huwarudia wakiwa sugu.
Ninaruhusiwa kukaa na watu, ninaruhusiwa kucheka.
Dada amekifungua ule uzi kikombe changu.
Hajaniomba wimbo.

Aliyeomba ni mtoto.
Nikamtazama mama yake; mama yake akatazama jiko.
Nikatoka nje, kwenye theluji ya mwisho,
nikasimama upande wa pili wa sufu,
nikaanza, sauti ikikwaruza, kumwimbia farasi,
naye akanisikiliza kupitia tunduni
na kila nilipokosea neno
alinipigia kelele.